Tariere Ndani ya Sedrela

Vita vilipofunga njia ya kwenda msitu wa Bunyakiri, mkuu wangu wa utafiti alinitumia ujumbe kutoka Kinshasa, ambako alisema amekwama. Kama msitu haufikiki, aliandika, toboa miti ya mjini. Kwake yeye, kukaa Kinshasa ndiko kukwama. Mimi niliyebaki Bukavu, ndege hazitui Kavumu, benki zimefungwa na kila barabara ina kizuizi chake, nilikuwa eti niko kazini. Nilikasirika wiki nzima, kisha nikabeba tariere nikaenda kutoboa.

Tariere ni bomba la chuma lenye meno mbele na mpini uliokingama nyuma. Unalizungusha kwa mikono miwili mpaka likaribie moyo wa mti, halafu unachomoa ndani yake kijiti chembamba kama penseli. Kwenye kijiti hicho ndipo unaposoma pete za mti, kiangazi baada ya kiangazi. Sheria ni moja: ukishaingia, usipumzike. Mti si maiti, ukiacha bomba ndani yake utalikaza. Na tariere ile ilikuwa moja tu mjini. Ikivunjika au ikiibwa, utafiti wangu wa kumaliza chuo ulikuwa umekwisha, maana nyingine ingetoka ng'ambo, na siku hizo hakuna kilichokuwa kinaingia.

Mti niliouchagua, sedrela, ulisimama ukingoni mwa njia katika mtaa wa Kadutu, mbele ya nyumba ya papa mmoja, mzee mwalimu mstaafu. Aliniruhusu kwa sharti kwamba mti wake usikauke. Nilikuwa nimezungusha karibu sentimita ishirini, jasho linaniingia machoni, niliposikia nyimbo za kanisa zikishuka mlimani. Walikuwa wanamleta marehemu kwake, nyumba ya pili kutoka pale.

"Mwana yangu, acha kwanza hiyo chuma," papa akasema. "Mufu iko napita."

Nikasimama, mikono chini. Nilidhani ni dakika tano. Lakini kwetu huwezi kutazama jeneza likiingia uani halafu ukaugeukia mti wako kana kwamba limepita gunia la makaa. Papa akanishika mkono tukaingia kutoa pole. Kwa kuwa alinitambulisha kama mtu wa chuo kikuu, nikapewa kiti cha mbele, kati ya katekista na shangazi wa marehemu. Sala, ushuhuda, wimbo, ushuhuda mwingine. Kila nilipojikusanya kuinuka, shangazi aliniwekea mkono gotini, akidhani uchungu umenizidi. Ulikuwa umenizidi kweli, ila niliyekuwa namlilia ni bomba. Mvua ikaanza kupiga mabati, nami nikawaza jinsi mti ule unavyokunywa na kuvimba.

Nilipotoka, masaa mawili yalikuwa yamepita. Mpini haukusogea. Niliuning'inia kwa uzito wangu wote, sikupata hata robo ya mzunguko. Ilibidi mtu mwenye nguvu alivute bomba kutoka nyuma wakati mimi nazungusha, au tupasue ubao kulizunguka.

"Leo hapana," papa akasema. "Mu kilio hatukatake muti, hatupigake chuma. Kama banashusha kilio, njo tutaona."

"Siku ngapi, papa?"

"Tatu."

Nilitaka kubishana, nikameza. Ningeinua panga mbele ya msiba ule, ningeitwa mchawi kabla jua halijazama. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Lakini chuma huuzwa kwa kilo, na mpini wangu ulikuwa wa rangi ya chungwa, unaonekana toka ng'ambo ya bonde. Basi nikabaki kulinda. Vijana wa kilio walihitaji mahali pa kufunga shitingi ya kuwakinga waombolezaji na mvua, wakafunga kamba kwenye sedrela uleule, kwa hiyo kiti changu kikajikuta ndani ya matanga. Nilifika asubuhi, niliondoka jioni, na usiku papa alimfunga pale mbwa wake, ambaye ukali wake uliheshimiwa na mtaa mzima. Nilikula bugali na sombe, kisamvu cha msiba. Akina mama walipoimba, niliimba. Walipokosa mtu wa kugawa maji, niligawa, jicho langu likiwa kwenye mpini. Kila aliyeuegemea mti nilimwona mwizi. Niliuchukia ule mti, nikavichukia vita, nikamchukia mkuu wangu, na Mungu anisamehe, nikamchukia hata marehemu kwa kuichagua siku ile. Sikuweza kwenda msituni, sikuweza kwenda Kinshasa, na sasa sikuweza hata kwenda msalani bila kumwomba mtu anishikie zamu.

Siku ya tatu, kilio kiliposhushwa na matanga kwisha, mdogo wake marehemu alinijia, seremala mwenye mabega mapana, macho yamevimba. Alibeba kamba na kriki, ile jeki ya kuinulia gari.

"Dada, papa ananiambia muti ilikamata chuma yako," akasema. "Weye zungusha. Mimi nitaisukuma pole pole."

Aliikaza kriki kati ya shina na mpini, akaanza kuipandisha, huku nami nikizungusha kinyume. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili nikasikia mlio mdogo ndani ya ubao, na mpini ukasogea upana wa kidole.

"Minakuona siku tatu," akasema, bila kuacha kazi. "Bandugu ba damu banakuya, banakula, banaenda. Weye tu njo unabakia hapa, toka asubui mpaka mangaribi. Siwezi kukuacha na shida. Kaka alikuwa nani kwako?"

Meno yalikuwa yameanza kushika. Kama angeiachia kriki wakati ule, mti ungelibana bomba tena, au lingekatika likabaki humo. Papa alikuwa amesimama nyuma yetu, akatazama chini.

"Alikuwa mutu muzuri," nikasema. Sikuwahi kumwona akiwa hai. Jina lake nililisoma kwenye msalaba uliobebwa mbele ya jeneza.

Seremala akafuta macho kwa bega, maana mikono yake ilikuwa kazini.

"Kweli," akasema. "Ulimujua."

Aibu ilinichoma mpaka masikioni. Nikazungusha, yeye akasukuma, mpaka bomba likatoka lote, zima.