Pua ya Mizani

Mama mdogo ni mpishi katika mgahawa ninakohudumia meza, na pale jikoni wote tunamwita Mizani. Hapimi kwa kijiko wala kikombe. Ananusa sufuria, anadondoshea mchuzi kidogo kiganjani, analamba, basi. Pua na ulimi ndivyo vilivyomlisha tangu ujana wake, na ukimgusia hilo atakusimulia mpaka uombe ruhusa ya kuondoka.

Kwa hiyo bosi alipoamua tuanze kuuza divai nyekundu, ile ya bei nafuu, ya glasi moja moja, hakuhangaika kutafuta mtaalamu. Alimwita Mizani aje achague chupa moja kati ya tatu.

"Mimi hata soda inanipanda kichwani," mama mdogo alisema.

"Hutakunywa. Utaonja, utatema."

"Nitatema? Nimelea watoto kwa kuwafinya wasiteme, leo nianze mimi?"

Muuza divai alikuja mchana, wateja walipopungua, na koti la kubana na maneno mengi. Sikumpenda. Alipanga glasi kwenye meza ya pembeni, akaweka ndoo ya kutemea, akatufundisha: inamisha glasi uone rangi, izungushe, nusa, piga funda dogo, lizungushe mdomoni, tema. Mama mdogo alikaa huku akilalamikia mgongo, kwa kuwa asubuhi ile alikuwa amebadilisha mtungi wa gesi nyumbani kwake bila msaada wa mtu. Mama wa vyombo alituchungulia kwenye dirisha la jikoni, akisugua sufuria moja isiyokwisha.

Funda la kwanza lilimkunja mama mdogo uso mzima.

"Siki hii jamani! Nani anakunywa siki kwa hiari yake?"

Tulicheka mpaka bosi akapaliwa. Lakini mama mdogo hakubali kushindwa na kitu kinachoingia mdomoni. Funda la pili alilizungusha mdomoni taratibu. La tatu akaanza kueleza: hii uchachu wake unashika pembeni mwa ulimi, ile ina ukakasi, inakausha fizi kama umetafuna ndizi mbichi. Muuza divai akamsifu kwamba anajifunza haraka kuliko wengi. Nikavimba kichwa utadhani nimemfundisha mimi.

"Sasa tuje kwenye harufu," muuza divai akasema. "Unapata nini?"

"Napata divai."

"Zaidi ya hapo?"

Bosi alidai anapata zambarau. Mimi nikasema moshi, na kweli ulikuwepo, nikajishangaa mwenyewe. Mama mdogo akatupungia mkono. "Waongo wakubwa nyie! Mnasoma maandishi ya kwenye chupa."

Chupa ya tatu ilipomiminwa nilirudi nyuma hatua nzima. Ilinuka dawa ya kufutia rangi ya kucha, na chini yake kulikuwa na harufu ya tambara la deki lililosahauliwa ndani ya ndoo. Bosi alifunika pua. Muuza divai aliona haya, na kabla hajapata neno la kujitetea, mama mdogo alikuwa ameshaingiza pua ndani ya glasi. Akavuta pumzi ndefu.

"Ni hii," akasema. "Hii imetulia. Haina makeke."

Nilicheka peke yangu, nikidhani anatania. Kisha nikauona uso wake, ukisubiri sifa. 

"Mama mdogo, hainuki?"

"Inuke nini?"

 Alitutazama mmoja mmoja, akainuka, akaingia jikoni, nami nikamfuata. Alifungua kopo la mdalasini, akanusa. Akafungua la karafuu. Akaponda kitunguu saumu, akakisugua viganjani na kujifunika uso. Alipoondoa mikono, macho yalikuwa yamemtoka.

"Sisikii kitu," alisema. "Sisikii kitu kabisa."

Mama wa vyombo aliweka sufuria chini. "Dada, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Tangu yale mafua yako makali, miezi kadhaa sasa. Kitunguu kinaungua na wewe umesimama pale pale. Ndiyo maana nikawa nakuita, 'Dada, moto!' Niliogopa kukuvunjia heshima mbele ya watu."

 Miezi yote hiyo tulimwona ana kiherehere, na mama mdogo alishamfokea mara nyingi ashughulike na sahani zake. Kumbe jiko zima lilikuwa likinusa kwa pua ya mama wa vyombo! Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa aliyefichwa ni mgonjwa mwenyewe. Nilipandwa na hasira. Heshima gani hiyo?

"Nenda nyumbani ukapumzike," bosi alimwambia. "Kesho umwone daktari, halafu ndipo tuzungumze habari za kazi." Alisema kwa upole, na upole ule ulitutisha kuliko ukali wake.

Nilimsindikiza. Njia nzima alisema jambo moja tu: "Mpishi asiye na pua ni nini, mwanangu?" Nikambebea mkoba.

Siku hizi anaishi peke yake, na madirisha huyafunga akitoka, kwa ajili ya vumbi. Alifungua kufuli, akausukuma mlango, na gesi ikanipiga usoni mpaka nikakohoa. Yeye aliingia kama anavyoingia kila siku, akavuta pumzi, akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa.

Nilimrukia. Nilimkamata mkono kwa nguvu, nikamvuta mpaka nje uani, kiatu chake kimoja kikabaki kizingitini.

"We mtoto, una wazimu? Utanivunja mkono! Kuna nini?"

"Gesi," nikasema.  "Mtungi unavuja. Gesi imejaa nyumba nzima."

Aliutazama mlango uliokuwa wazi. Akainua uso, akanusa. Akanusa tena, kwa bidii, kama alivyofundishwa mchana ule. Kisha akanishika bega, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Inanuka sana?"