Mama Mkwe Kwenye Kioo cha Studio

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyolala kifudifudi kwenye mchanga wa mwalo, pale mitumbwi ya dagaa inapoegeshwa, kama kenge, kamera mkononi, nikimvizia mama wa watu ainame. Nimekuwa na siku nzuri pia. Nimeoa, nimesomesha, nimejenga hapa Buswelu wakati watu wananicheka kwamba nimehamia porini. Lakini hiyo ya mwalo ndiyo inayonirudia, na wiki hii imenirudia na hasira. Kwa hiyo nivumilie. Nikipandisha sauti ujue sikupandishii wewe peke yako.

Aliyenichokoza ni mjukuu wangu Pendo. Yuko chuo, anasomea mambo ya picha, na mimi nilifurahi aliposema anasomea hayo, maana nimeyafanya maisha yangu yote bila kuyasomea. Mimi nimeishia darasa la nne. Jumapili alikuja, "Shikamoo babu," nikaitika marahaba, tukala michembe, yale matole makavu ya viazi, na karanga. Kisha akaomba aangalie picha za zamani kwenye sanduku langu la bati. Nikamwambia angalia. Sikukumbuka kilicho chini kabisa.

Akatoka nacho ameshika kwa mikono miwili. Picha ya wanawake watatu wameinama mchangani, jua linawapiga ubavuni, ziwa nyuma yao.

"Babu, hii uliipiga wewe?"

"Nani mwingine."

"Hii ni kali. Unajua kuna mchoraji mkubwa wa Ulaya alichora hivi hivi? Wanawake watatu shambani, wanaokota masalio ya mavuno. Sisi darasani ndiyo kazi tuliyopewa, kila mtu achague mchoro maarufu aurudie kwa kamera, kwa watu wa kwetu. Nimechagua huo huo, babu. Jumamosi nashuka mwaloni na wenzangu. Tunatafuta bibi watatu, tunawainamisha."

Tunawainamisha. Karanga zikanimwagika. Nikamwambia kaa chini. Akadhani nimefurahi, akatoa simu anirekodi. Nikamwambia izime hiyo. Niliyomweleza ndiyo haya, na kwa kuwa wewe nawe umenijia na kamera, ni yako pia.

Nilikuwa kijana, fundi picha kwenye studio moja hapa mjini. Bosi alikuwa na pazia la nyuma lililochorwa ndege, watu wanasimama mbele ya ile ndege na suti ya kuazima, wanatuma picha kwao kijijini. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha na kuzisafisha kwa dawa. Vidole vyangu vilikuwa vimekaushwa na dawa hadi mke wangu, kabla hajawa mke wangu, alidhani nina ugonjwa. Sasa, mjini nilikuwa naonekana ninajua. Nilipoingia mahali na kamera shingoni watu walinipisha, na kijana akipishwa sana huharibika.

Kule misheni nilikosali kulikuwa na kalenda. Kila mwezi na mchoro wake. Mwezi mmoja ulikuwa na hao wanawake watatu wa Pendo, wameinama kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, wanaokota suke moja moja. Padri aliniambia aliyeuchora anajulikana dunia nzima. Nikauangalia ule mchoro nikasema, mbona hawa nawajua? Hawa ni wetu. Hawa wako mwaloni kila asubuhi.

Na kweli walikuwapo. Kama hujakaa na watu wa dagaa nikueleze. Dagaa wakianikwa mchangani wakikauka, mwenyewe anakuja anawakusanya na kuondoka. Wanabaki wale waliozama kwenye mchanga. Hao hawana mwenyewe. Ni wa yeyote atakayeinama kuwaokota, na anayeinama ni yule ambaye nyumbani hakuna kitu. Leo yule, kesho huenda ni wewe. Basi pale mwaloni kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyetufundisha lakini wote tulilijua: mtu akiinama kuokoteza, wewe uliyesimama unageuza uso. Unaangalia ziwa, unaangalia nyavu, unaangalia chochote. Humsalimii mpaka anyooke. Akishanyooka ndipo unamwona, "Umeamkaje mama," kana kwamba amefika sasa hivi na beseni lake limetoka kwake limejaa.

Nilikuwa nageuza uso kama wenzangu, mpaka nilipoona kalenda.

Miongoni mwa wale mama alikuwa Mama Milembe. Mumewe alikuwa amefariki mwaka wa nyuma, na yeye aliyekuwa na eneo lake la kuanika sasa alikuwa anaokoteza kwenye maeneo ya wengine. Milembe mwenyewe, binti yake, alikuwa amechumbiwa na kijana mmoja wa Usagara aliyefanya kazi kiwandani Nyakato. Washenga walikwisha kuja mara ya kwanza. Kwa hiyo yule kijana alikuwa tayari ni mkwe, hata kama ng'ombe wa mahari hawajatembea. Na wewe unajua sisi Wasukuma na wakwe. Mtu na mama mkwe wake hawakutani njiani. Akimwona anakuja anakata kona, anaingia hata kwenye matete. Si kwamba wamegombana. Ni heshima, na ni nzito.

Nilikwenda mwaloni asubuhi. Mama Milembe akaniona na kamera.

"Unapiga nini, mwanangu?"

"Napiga ziwa, mama."

"Ziwa liko nyuma yako."

"Nasubiri litulie."

Akacheka. Alikuwa na cheko zuri. Wenzake wawili wakacheka pia, wakasema fundi anasubiri ziwa limwambie yuko tayari. Nikageuka kweli, nikajifanya naelekeza kamera majini. Walipoinama kuendelea na kazi yao, nikazunguka upande wa nchi kavu, nikalala mchangani, nikawapiga kwa nyuma na ubavu, Mama Milembe wa kwanza, mgongo wake umejaa kwenye picha, kitenge kimevutika. Kama kalenda. Nasema ukweli, nilidhani Mungu amenichagua.

Bosi alikuwa amesafiri kwenda Bukoba. Nikaisafisha ile picha, nikaikuza ikawa kubwa kama meza ya chai, nikaiweka kwenye kioo cha mbele, inatazama barabara. Watu walisimama. Mwalimu mmoja akaniambia nina kipaji. Neno kipaji nililibeba hata kitandani.

Siku ya tatu alikuja kijana. Sikumjua. Alisimama nje ya mlango, mgongo kwenye kioo, akazungumza na mimi akiangalia upande wa pili wa barabara, kama mtu anayeongea na duka la baiskeli.

"Kaka, ondoa mama yangu hapo."

"Mama yako ni yupi?"

"Wa mbele. Ni mama wa mchumba wangu. Mimi napita hapa kila asubuhi kwenda Nyakato. Juzi nimemwona bila kujua. Jana nimezunguka. Leo wenzangu kiwandani wameniuliza, mkwe wako hajambo? Anaonekana mgongo unamuuma."

Badala ya kuona aibu, mwanangu, mimi nikaanza kumfundisha. Nikamwambia hiyo ni sanaa. Nikamwambia kuna mchoraji mkubwa Ulaya aliwachora wanawake watatu wameinama hivyo hivyo, na dunia nzima inamsifu, na hakuna aliyelalamika.

Bado alikuwa amenipa mgongo.

"Na wakwe zao walipita wapi?" akauliza.

Kijana mjinga akibanwa hucheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia apite barabara nyingine, mji ni mkubwa. Akaondoka. Hakugeuka hata mara moja, hata kunitukana hakugeuka.

Picha ikakaa wiki nzima. Washenga walipaswa kurudi kutoka Usagara siku ya mnada, hawakurudi. Wajomba wa yule kijana walituma neno kwamba hawawezi kuwa na mkwe ambaye mji mzima umemtazama nyuma, na kijana wao hatakuwa mtu wa kutembea vichochoroni maisha yake yote. Na jambo jingine ambalo sikuliwaza: hawakuwa wanajua kwamba Mama Milembe anaokoteza. Alikuwa amewaficha, na mwalo mzima ulikuwa umemsaidia kuficha kwa kugeuza nyuso. Watu wote wale, wavuvi walevi, wachuuzi wenye midomo, wote walikuwa wameitunza siri ya mama mmoja. Nikaitoa mimi, na kuikuza, na kuiwekea kioo.

Ndipo alipokuja mwenyewe. Aliingia studio amevaa vizuri, kana kwamba anakuja kupigwa picha. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliangalia pazia la ndege, akaangalia kiti, akaniangalia mimi.

"Uliniambia unapiga ziwa."

"Ndiyo, mama."

"Nilikuamini. Nilikucheka nikainama tena. Ningejua ningesimama." Akaelekea mlangoni. "Kesho asubuhi uje mwaloni. Usije na hicho cha shingoni."

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda, nadhani nilitaka anisamehe haraka nirudi kazini. Akanipa ungo. Akasema, "Okota ujae." Akaenda akakaa kwenye mtumbwi ulioinuliwa, akanipa mgongo yeye pia.

Nikainama. Unajua dagaa mmoja mmoja kwenye mchanga wanavyookotwa? Hufiki popote. Mgongo unawaka, pua inachuruzika, na kitako cha ungo bado unakiona. Na watu wakaanza kufika. Nilisikia sauti zao zinakuja, wanacheka, wanabishana mambo ya injini, na mimi nimeinama na suruali yangu ya mjini. Nikasema sasa watanicheka. Hawa wote wameiona ile picha, wanajua niliyofanya, leo ndiyo siku yao.

Sauti zikakatika. Nikachungulia chini ya mkono wangu. Walikuwa wamegeuza uso. Wote. Mmoja anaangalia ziwa, mwingine anahangaika na kamba ambayo haikuwa na tatizo lolote. Alikuwapo dada mmoja niliyempenda, ndiye niliyemwoa baadaye, amesimama anahesabu ndege angani. Hakuna aliyenicheka, hakuna aliyenisalimia. Mpaka niliponyooka na ungo wangu nusu, mzee mmoja ndipo akaniona, "Aa, fundi, umeamkaje?"

Nililia pale, mwanangu. Kile nilichomnyima yule mama walinipa mimi, na sikustahili.

Nikampelekea Mama Milembe ule ungo. Akamwaga dagaa kwenye beseni lake, akasema, "Sasa nenda ukaitoe." Nikaitoa. Nikamletea picha na filamu yake, akazitia kwenye moto wa kubanikia samaki mbele yangu. Lakini washenga hawakurudi. Milembe aliolewa miaka baadaye, mbali, ng'ambo ya ziwa, Sengerema, na mpaka anakufa mama yake alikuwa akiwaona wajukuu kwa msimu tu.

Na sasa niseme lile lililofanya Jumapili nimkaripie Pendo mpaka akalia, ilhali aliyestahili kukaripiwa ni mimi. Ile iliyochomwa haikuwa peke yake. Nilikuwa nimesafisha nakala ndogo, nikaificha. Niliona ni nzuri mno kuungua. Nimeoa nayo, nimehama nayo, imelala chini kabisa sandukuni miaka yote hii, na kila nilipojiita mtu aliyejifunza ilikuwa inanisikia. Nina hasira na Pendo, ndiyo, kwa lile neno la kuinamisha. Lakini neno hilo ni langu. Amelikuta kwenye sanduku langu.

"Kwa hiyo Jumamosi nifanyeje, babu?" akaniuliza, macho mekundu. "Kazi inatakiwa."

Nikamwambia Jumamosi hatushuki mwaloni. Tunakwenda Sengerema, mimi na yeye. Picha tumeifunga kwenye kanga, ataibeba imelala kifudifudi, na hakuna kuichungulia njiani. Tutampa Milembe. Akitaka kuichoma, aichome. Akitaka kunitukana, nitakaa nitukanwe, goti langu likiniruhusu nitapiga magoti. Akitaka kuitundika ukutani kwake ili amwone mama yake, hilo ni lake. Ninaogopa, sikufichi. Naogopa zaidi akinikaribisha chakula.

Sasa sikia. Sikatazi kumwiga mchoraji. Iga. Mimi mwenyewe nilijifunza mwanga kutoka kwenye kalenda. Lakini kwenye mchoro wa mtu unaona mgongo ulioinama, unaona jua, unaona rangi ya kitambaa. Huoni kama mchoraji aliomba ruhusa, huoni wale wanawake walikuwa nani wa nani, huoni nani alipita akaumia. Hayo hayamo kwenye kalenda, na hayo ndiyo unayopaswa kuyatafuta mwenyewe kabla hujagusa kamera. Mfuate mtu akiwa amesimama. Mwambie unapiga nini, usimwambie ziwa. Muulize nani atapita mbele ya picha hiyo. Akikataa, shukuru uondoke, na usiibe nakala. Na ukimkuta mtu amezidiwa na dunia, ameinama, hata kama jua limemkaa vizuri kuliko mchoro wowote uliowahi kuuona, geuza uso. Picha hiyo iache ipotee. Zinapotea nyingi nzuri, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho kali kuliko langu, akupe mkono usiotetemeka, akujalie watu wanaofurahi wakikuona unakuja na kamera yako. Na akupe shingo nyepesi ya kugeuka.