Kihispania changu cha video za mapishi kilivyokwama kwenye ukoko

Wakuu, amani iwe kwenu. Ninaloleta hapa limetokea ndani ya nyumba yetu. Chumvi iliyozidi ilikuwa kwenye chakula tu.

Nianze na ujinga wangu. Nimejifunza Kihispania kwa video za mapishi, na kila video nilikuwa naizima wali ukianza kukauka.

Mtu wa Unguja, aliyelelewa kwa wali, afundishwe kuuivisha? Nikaona nnaokoa bando.

Sababu ya yote ni dada yangu Zuwena. Kaolewa na Mhispania aliyesilimu, ndoa tukaifunga hapa hapa Michenzani. Mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, hakuja. Mwanawe alipokuwa huku, akipiga simu anamuulizia yeye, basi.

Miezi michache nyuma akamtuma mwanawe atwambie anakuja kututazama. Mume karudi kwao, kazi zimembana, mama yake anakuja peke yake, na Kiingereza hajui.

Dada anajiandaa kuhamia kwao. Akanambia, "Kaka, huyu akirudi hajanikubali, mimi kule n'taishi na nani?"

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Cheti changu cha form four kimelala kabatini, kazi sina. Nikapewa ukalimani.

Mwalimu wangu alikuwa bibi mmoja wa mtandaoni anayepika paella, wali wao wa kamba na ngisi. Nikikata kitunguu, *corta*. Nikikoroga, *remueve*. Ikafika pahala naweza kununua ngisi Darajani kwa Kihispania, tatizo muuzaji hakijui.

Siku ikafika, mgeni akaingia, akalalamika joto. Nikamjibu kwa nilichokuwa nacho: *baja el fuego*, punguza moto.

Hakucheka.

Nikaivisha paella yangu, nikaipalia makaa juu ya mfuniko kama tulivyozoea. Chini ikashika ukoko mwekundu.

Sasa nyie mnajua, kwetu mgeni hapewi ukoko. Atasema tumemuunguzia. Nikapakua wali wa juu kwenye sinia, sufuria nikamwachia Bi Kidawa, jirani yetu wa mlango wa pili, aukwangue huko huko jikoni.

Mavyaa akala vijiko viwili, akaweka kijiko chini. Akauliza kitu, ndani yake mna neno *socarrat*. Sijawahi kulisikia.

Akauliza tena, polepole, kama anasema na mtoto. Dada ananitazama. Mama yetu ananitazama.

Nikasema *sí*, ndiyo.

Mgeni akainuka, akaenda jikoni mwenyewe. Tukamfuata mbio. Tukamkuta kasimama mbele ya Bi Kidawa, aliyekaa kwenye kigoda, sufuria mapajani, mdomo umejaa.

"Karibu," Bi Kidawa akamwambia, akambandulia pande la ukoko.

Mgeni akakaa sakafuni na gauni lake jeupe, akala macho kafumba.

Kumbe *socarrat* ndio ukoko, alikuwa anauliza kama umebaki jikoni; kwao ndio unaogombewa mezani, ukinyimwa unaona hukutakiwa. Nilikuja kuzitazama zile video mpaka mwisho. Yule bibi wa mtandaoni analisema neno hilo kila mara, na kila mara mimi nilikuwa nshazima.

Mgeni akamvuta Zuwena mkono, akamkalisha ubavuni, akamtia kipande mdomoni. "*Come, mi niña*."

Hiyo niliijua, bibi wa video humwambia hivyo mjukuu wake. Nikamfasiria dada: kula, mwanangu.

Akashindwa kutafuna kwa kulia. Mavyaa akamfuta machozi kwa mkono ule ule wenye mafuta ya bizari, uso wote ukawa manjano.

Nilichojifunza: chakula cha watu usikimalizie kwa akili yako. Na video iacheni iishe, bando litanunuliwa. Nanyi mliojifunza lugha kwa njia za ajabu semeni hapa, nisijione zuzu peke yangu.

Jioni nikaanza kujisifu, eti Kihispania changu ndicho kilichowapatanisha. Bi Kidawa, anachokonoa meno, akanitazama juu mpaka chini.

"Waliopatana wamepatana kwa ukoko. Wewe toka jikoni ukatafute kazi, mama yako naye anataka kupika."