Risasi Iliyoanikwa Lipindi

Saa sita mchana, Novemba 1995. Pankras Ndunguru amelala kifudifudi nyuma ya matete, mwambao wa Ziwa Nyasa, katika kitongoji cha Lipindi. Bunduki iko mbele yake, tupu. Risasi mbili alizobakiwa nazo ziko ndani ya mkebe, na mkebe ameufukia mchangani kivulini, umefunikwa kwa nyasi.

"Mamba akitokea ndipo naichukua moja," ananong'ona. "Kabla ya hapo, isionje jua."

Pankras, miaka hamsini na miwili, ni askari wa wanyamapori. Watu humwita Bwana Nyama. Wilaya nzima ya Mbinga sasa inamtegemea yeye peke yake, kwa maana mwenzake, Othmar, alipunguzwa kazini mwaka juzi. Nguruwe wakiingia kwenye mahindi Mkumbi, anaitwa yeye. Kiboko akipanda mwambao, ni yeye tena. Hushuka kutoka milimani kwa miguu siku nzima, na kwa nusu mwaka hupewa risasi sita.

Hapa Lipindi hii ni siku yake ya nne. Hakuna aliyekuja kuketi naye. Wanawake wanapita na ndoo, wanamwamkia kwa mbali na kuendelea na safari yao. Jioni anajipikia ugali na kula mwenyewe. Mimi mwandishi nimekaa naye siku mbili, na nakiri kwamba ukimya ule ulinielemea mimi kabla yake.

Sababu ya ukimya ni mamba yule yule anayemvizia.

Novemba mwaka jana Pankras aliletwa hapa kumuua. Alimwona ameanika mwili kwenye mchanga, umbali wa hatua mia na hamsini. Akalenga kichwani, akafyatua. Risasi ikapita juu, ikapiga maji. Alipotaka kuweka ya pili, ganda la ile ya kwanza lilikuwa limeng'ang'ania ndani ya bunduki. Aliligonga kwa kipande cha ukuni hadi mkono ukatoka damu. Mamba akateleza majini taratibu, bila hata haraka.

Siku kumi na tisa baadaye mamba alimchukua Jacqueline, binti wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa akiteka maji.

Mama yake, Gertruda, namkuta akigeuza usipa, dagaa wa ziwa hili, kwenye kichanja. Hainui uso anapozungumza.

"Wote tuliona. Bwana Nyama hakosi, huko milimani wanamsifu. Lakini risasi ilimruka yule mamba kama inamwogopa, na bunduki ikafungwa. Mamba wa Mungu hawi hivyo, mwanangu. Yule ana mwenyewe."

Mwenyewe, kwa maneno ya Lipindi, ni mzee Tarsisi. Kosa lake ni kuishi karibu na pale mamba alipozoea kulala, na kuwa mjane asiye na mtoto wa kumtetea. Waling'oa paa la nyumba yake. Sasa anaishi kwenye kibanda cha shambani, mwendo wa saa moja kutoka ziwani, na yeye ndiye aliyezaliwa akisikia mawimbi.

Kumbe bunduki haikurogwa na mtu.

Pankras ni Mmatengo wa Maguu, huko milimani. Kule ukungu wa Juni huingia hadi kitandani, na adui wa kila kitu ni unyevu. Kahawa huanikwa juani kwenye vichanja. Mwaka ule, magari ya wanunuzi binafsi yalipoanza kupanda mlimani, kila mtu alianika kwa pupa. Yeye naye alikuwa na mazoea ya kuanika risasi zake pembeni mwa kahawa.

"Basi nilipofika hapa nikafanya kama nyumbani. Nilikuta kichanja cha usipa kitupu, nikazipanga risasi pale tangu asubuhi. Nilijiona mtu makini kweli."

Zilipoingia kwenye bunduki zilikuwa zinachoma vidole. Krismasi ilipopita alikwenda Songea kwa fundi wa bunduki mstaafu, mzee Wendelin. Mzee alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Akaniambia, 'Baruti si kahawa, Pankras.' Ikipata joto huwaka kwa kasi mno, hasa hizi za zamani. Inaisukuma risasi kwa nguvu usiyoizoea, inapiga juu ya ulipolenga. Na ganda linatanuka, linabana. Mimi bunduki niliipima shabaha Maguu, Julai, na baridi ile. Ubongo wa mamba ni mdogo kama yai. Kosa la vidole viwili linatosha."

Kwa nini hakusema? Anachimba mchanga kwa kidole.

"Majina ya kupunguzwa yalikuwa yanaandikwa. Niliposikia wanasema ni uchawi, nikanyamaza. Uongo wao ulinifaa."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Pankras alipata mwaka mmoja zaidi wa kazi, na tangu hapo hajalala vizuri. Mwezi uliopita barua yake ya kupunguzwa ilifika hata hivyo. Tarehe 31 Desemba atarudisha bunduki.

Kabla ya siku hiyo anataka kumuua mamba. Lakini si hilo tu lililomfanya akubali kuzungumza na gazeti.

"Nikisema kwa mdomo watasema Tarsisi kanihonga. Andika wewe: risasi niliianika mimi. Jumapili, gazeti likifika, nitasimama nje ya kanisa baada ya misa nilisome mwenyewe."

"Wakikupiga?"

"Watanipiga. Lakini mzee atarudi kwenye nyumba yake, na paa nitaliezeka mimi."

"Na Mama Jacqueline?"

Pankras anatazama kule kwenye kichanja, ambako Gertruda bado ameinama.

"Atajua wa kumchukia," anasema. "Ni haki yake."