Jibu la Darrel Koskela

Nimeuza bunduki hapa Tamarack miaka thelathini na moja, na sijawahi kuona aibu kama siku niliyomwambia Darrel Koskela kwamba amekataliwa.

Darrel ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alipokuwa mwanajeshi kule Iraki, bomu la barabarani lilimtikisa kichwa. Mikono ikabaki mizima, maneno yakabaki, ila tarakimu zikawa zinamchezea machoni. Basi akaomba mkewe Bernita ndiye atunze pensheni yake. Sasa niambie, kuna akili kubwa kuliko hiyo? Mtu anajua asichokiweza, anampa anayekiweza. Kumbe huko kwenye makaratasi ya serikali, ombi lile lilimtia kwenye orodha ya wasio na akili timamu, wasioruhusiwa kumiliki bunduki. Na hakuna hakimu hata mmoja aliyemwona!

Sisi hatukujua. Alikuwa ameniachia bunduki ya marehemu baba yake niiuze kwa niaba yake, kisha roho ikamsuta, akaja kuichukua siku moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Ikishaingia kwenye daftari langu, hata kama ni yako, huondoki nayo bila kujaza fomu na jina kuchunguzwa. Akafika kwenye swali: umewahi kutamkwa kuwa huna akili timamu? Akatia alama kwenye Hapana. Nikapeleka jina serikalini kwa kompyuta. Jibu likarudi: amekataliwa.

Gus Perrault, mteja wangu asiyejua kufunga mdomo, akaangua kicheko. "He! Darrel, kumbe u chizi na hutuambii?"

Darrel hakucheka. "Leland, nimeandika ukweli."

"Najua, kaka."

"Mbona basi mashine inasema mimi mwongo?"

Akatoka mikono mitupu, na duka zima likamtazama.

Bunduki nikaitundika ukutani nyuma yangu, na kibao: HAIUZWI. Gus alipouliza bei nilimwambia akanunue manati. Miaka mitatu, kila mkesha wa msimu, Darrel alikuja na maandazi ya nyama ya Bernita, akaitazama kwa mbali. Hata kumshikisha nisingeweza, ningevunja sheria. Iliniuma, wallahi.

Kisha mbunge wetu akaja kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu na mswada: asiingizwe mtu kwenye orodha ile mpaka hakimu aamue kuwa ni hatari. Mama mmoja, ambaye mwanawe mwanajeshi alijiua, akasimama. "Bunduki si mchezo. Mngemzuia wangu, ningekuwa naye leo."

Darrel, ambaye hata harusini kwake hakuhutubia, akainuka. "Mama, pole. Ni kweli, aliye hatarini apelekwe kwa hakimu upesi. Ila mimi aliyeniona ni nani? Niliomba msaada wa hesabu, nikapewa jina la wazimu. Sasa wenzangu wanaogopa kuomba msaada wowote."

Bernita akadakia, "Mimi natunza pensheni tu! Akili yake anayo mwenyewe, tena inanisumbua kila siku!" Watu wakavunjika mbavu. Hata yule mama alitabasamu, akamshika Darrel mkono.

Mswada ulichukua muda, ukapita. Majina kama lake yakafutwa kwenye orodha.

Mkesha wa msimu uliofuata duka lilijaa hadi mlangoni. Nikampa Darrel fomu. Alipofika kwenye swali lile kalamu ilisimama. Akatia alama. Nikapeleka jina, tukasubiri. Gus alikuwa amevua kofia.

"Amekubaliwa!" nilipiga kelele. Mtu mzima mimi, machozi tele! Watu wakashangilia, wengine wakagonga meza. Nikaishusha bunduki ya baba yake.

Hakuipokea kwanza. "Ile fomu ya zamani bado unayo?"

"Sheria inanitaka niitunze."

"Ilete."

Nikaileta. Akaziweka fomu zote mbili pamoja mezani, kidole kwenye swali lile lile, alama ile ile.

"Ona, Gus," alisema. "Mimi sijabadili jibu."

Gus akainamisha kichwa. "Nisamehe, kaka. Nilikuwa mjinga."

"Nimekusamehe. Haya, nifungulie mlango."

Gus akaufungua, akaushikilia, na Darrel akapita katikati yetu na bunduki ya baba yake mikononi.