Haluwa Yetu Si Jeli

Mnisamehe, ndugu wasomaji, kwa mwandiko wangu na kwa herufi nitakazokosea. Kiswahili nilikisoma Unguja mpaka darasa la tatu tu, ndipo tukahamia Sydney, na mpaka leo naandika polepole, neno moja moja. Lakini jana nilipita dukani hapa Merrylands, mwenye duka akawa anafungua gunia la iliki, na harufu ile ikanirudisha darasa la tano.

Tuliambiwa kila mtoto alete kitamu cha kwao. Mama alirudi kutoka kazini kwake, kulea wazee, na hata viatu hajavua vizuri akateleka sufuria ya haluwa. Tukapokezana mwiko karibu saa mbili nzima.

"Usiache kukoroga, mwanangu! Ikishika chini, imekwisha hiyo."

Samli ilipotoa moshi, king'ora cha dari kikaanza kulia. Mama akakipepea kwa kanga huku akicheka, mimi nikaendelea kukoroga. Mkono uliniuma mpaka begani.

Shuleni, Vesna, msichana wa Kiserbia, alikuwa amefika kabla yangu na halva ya ufuta, kavu, inayomeguka ukiigusa. Kadi yake iliandikwa HALVA. Mbele ya sahani yangu mwalimu akaweka kadi ya JELI, eti wageni wasichanganyikiwe.

"Yako inatikisika," Vesna akanicheka. "Halva gani inatikisika?"

Mimi nilikuwa mtoto wa kuona haya hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Lakini niligeuza kadi, nikaandika HALUWA. Mwalimu akaigeuza tena. Basi nikaichukua sahani yangu nikaikumbatia.

"Iweke mezani, wazazi wanaingia."

"Siiweki mpaka iitwe jina lake."

Mwaka mzima sikuwahi kusema maneno mengi kama hayo mbele ya darasa. Sahani niliikaza kifuani, na haluwa ikatikisika.

Bibi yake Vesna akaja, akanitazama, akachota kwa kidole kama tunavyochota sisi. Akalamba, akafumba macho, kisha akamsemesha mjukuu wake kwa Kiserbia, kwa ukali. Vesna akanuna.

"Anasema na hii ni halva," akamwambia mwalimu. "Anasema jina hata sisi tulilichukua kwa Waturuki, niache choyo."

Mwalimu akaiondoa ile JELI. Ndipo nikaweka sahani.

Nimekuja kujua baadaye kwamba jina hilo na sisi tulilipata kwa Waarabu. Siku ile, niseme kweli, nilitamani kadi ya Vesna ichanwe, jina libaki langu peke yangu. Hapo nilikosea. Lakini kusimama na sahani yangu sijutii, na leo ningesimama tena. Mama yangu hakukoroga jeli.

Niandikieni, basi, mniambie haluwa ya kwenu hupikwaje na mwaiitaje. Herufi mkizikosea si kitu. Nitasoma polepole, kama ninavyoandika.