Udongo wa Ghorofa ya Nne

Mama yangu alihamia kwangu Jette, Ubelgiji, kutoka Bukavu akiwa na masanduku mawili na hofu moja. Alikuwa amesikia kwamba Ulaya watoto huwapeleka wazazi wao home, ndivyo Wabelgiji wanavyoiita nyumba ya kutunzia wazee, na kwamba mzazi huambiwa anakwenda kutembea kidogo tu. Kwa hiyo kila nilipomwambia avae koti tutoke, aliuliza tunakwenda wapi, tunarudi saa ngapi, na mfuko ule mkubwa ni wa nini. Nilimwapia mpaka mdomo ukachoka. Mdomo wangu hakuuamini tangu enzi nilipokana kulamba sukari ya kabatini.

Kazi yangu nayo haikunisaidia. Ninahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuhakikisha dawa zimemezwa na hazikufichwa chini ya sahani. Mmoja wao alikuwa Mbelgiji mjane aliyefundisha shule za Kivu ujanani, akabaki na Kiswahili chetu na tabia ya kukemea. Baada ya kustaafu alizunguka Asia, na rafu ya sebule yake ilijaa sanamu za Buddha. Mimi nilizipangusa vumbi bila kuzisalimia.

Siku moja mashine ya joto nyumbani kwetu iliharibika, nikamchukua mama kazini. Nilimweleza mapema kwamba tunakwenda kwa mtu, si home. Hakubishana. Alipofika mlangoni tu, alihakikisha kengele ni moja, yaani nyumba ya mtu mmoja, ndipo akaingia.

Alisimama mbele ya rafu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua vitenge sokoni na amekwisha kuamua hanunui. Najua alikuwa anasali rozari kimoyomoyo. Lakini udadisi ulimshinda, akaonyesha sanamu iliyoinua kiganja.

"Huyu anasema inatosha, ameshiba."

"Hapana, maman," mzee akajibu kutoka kitini. "Anasema usiogope."

"Na huyu wa mukono chini, anaomba."

"Anatoa."

"Anatoa nini? Mu mukono hamuna kitu."

Mzee alicheka mpaka nikamletea maji. Sanamu ya tatu ilikuwa imekunja miguu, mkono wa kushoto umetulia mapajani, na vidole vya mkono wa kulia vimeshuka mbele ya goti hadi chini. Hapo mama hakubahatisha.

"Bon, huyu ninamujua. Anaapa."

Kwetu ndivyo tulivyoapa utotoni: kidole kinagusa ardhi, kinagusa ulimi, kisha kinaelekezwa juu. Asiyegusa ardhi anapiga porojo. Mzee aliweka glasi chini polepole.

"Ni kweli," alisema. "Adui zake walimuambia toka, hapa si pako. Yeye akagusa udongo, udongo ukakuwa shahidi yake. Akabakia pale pale."

"Na wewe, papa? Utabakia?"

Mzee aligeukia dirisha. Watoto wake walikuwa wamekwisha kumpatia chumba, home, na mwisho wa mwezi angehama. Sikuwa nimemwambia mama habari hiyo, kwa sababu ambazo nadhani zinaeleweka.

"Kule chumba ni kadogo," alisema. "Alors, muchukue huyu, maman. Kwangu ameshindwa kazi."

Mama aliipakata sanamu ndani ya basi, imefungwa kwenye kitenge, na bibi mmoja akainama kuchungulia mtoto. Nyumbani aliiweka jikoni, maana sebuleni ni kwa Bikira Maria, akaifunika bega lililo wazi kwa kitambaa cha kupangusia sahani. Alisema baridi ya Jette haichagui dini. Kisha akaniita.

"Apa."

Sikuuliza niape nini. Niliinama nikagusa sakafu, naye akanipiga kofi mkononi.

"Hiyo ni plafond ya batu."

Alisema kweli, sakafu yetu ni dari ya watu; chini ya vigae vyetu kuna ghorofa tatu za majirani. Alikwenda dirishani akaleta chungu alichopandia lengalenga, mchicha wa kwetu, akakitua mbele ya sanamu.

Kidole changu kilisimama juu ya udongo, kikagoma. Nimewaona watoto wanaowapenda wazazi wao wakiwasindikiza home huku wakilia, kwa kuwa mgongo umekwisha na kazi haingoji. Nilimpenda mama yangu na niliogopa kumdanganya kwa kidole, ambacho bado alikiamini.

Mama alinitazama usoni. Halafu akainua kiganja, sawasawa na ile sanamu ya kwanza. Sikumwuliza anasema inatosha, au anasema kama alivyosema mzee. Nilizamisha kidole, nikakilamba, nikakielekeza kwenye dari. Udongo ulikuwa na ladha ya mbolea ya dukani, nikakohoa, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu aione Ubelgiji.

Mzee akahama, nami nikamwambia mama alikokwenda. Jumapili iliyofuata nilimkuta mama mlangoni, amekwisha kuvaa koti, bila kuambiwa. Mkononi alikuwa na mfuko wangu mkubwa, na majani ya lengalenga yamechomoza juu yake.

"Tunakwenda wapi, maman?" Safari hii niliuliza mimi.

"Kule home. Umesema chumba yake iko juu," alisema. "Udongo atautoa wapi?"